Kompyuta ilipomwambia mama ana shilingi 6,000

Ndugu msikilizaji, mtu akikuambia yuko njiani anakwenda Mzinga, usikimbilie kudhani umemwelewa. Kwa sisi wakazi wa Morogoro, Mzinga ni kata ya Manispaa yetu, chini ya milima ya Uluguru. Mzinga pia ni mto, mmoja wa ile inayoingiza maji katika Bwawa la Mindu, tunalolitegemea mjini. Mzinga vilevile ni shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, lenye kiwanda chake huko huko. Mzee wa mlimani ukimtajia mzinga atafikiria gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini kungojea nyuki. Mwanajeshi atafikiria ile mizinga 21 inayopigwa kumsalimu mgeni wa heshima. Na kwa vijana wa mjini, mzinga ni pale rafiki anapokujia mwisho wa mwezi na maneno matamu, kumbe anataka umwazime elfu kumi ambayo hutaiona tena.

Jina moja, vitu chungu nzima. Lakini sisi binadamu hatupati taabu, kwa sababu tunamtazama anayesema, tunatazama mahali na wakati, tunaelewa. Kompyuta haina busara hiyo. Jambo hili nimejifunza nikiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na nimejifunza kwa sababu ya mama mmoja wa Mzinga aliyeambiwa mbele ya wenzake kwamba fedha zake hazipo.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Dada yangu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wanakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri chini ya mwembe. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila hisa inapigwa muhuri katika kijitabu cha mwanachama. Fedha zinafungiwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanashika akina mama watatu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Utaratibu huu unajulikana nchi nzima na umewasaidia wengi ambao mabenki hayakuwa na habari nao.

Mtoto wa mwanachama mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa amejifunza kuandika programu za kompyuta. Akajitolea kuwatungia programu ndogo ya kutunza hesabu. Akina mama wakafurahi, na nani asingefurahi? Ile daftari kubwa ya katibu ikawekwa pembeni. Zikapita wiki kadhaa. Siku ya kusoma hesabu za kila mwanachama ilipofika, dada yangu akanialika nihudhurie, pengine nipate habari ya kutangaza.

Kijana akawa anasoma majina na akiba, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesomwa anaitikia kwa kichwa. Akafika kwa mama mmoja, muuza ndizi, mjane. Akasoma: shilingi 6,000.

Mama akasimama. Akasema yeye amekuwa akilipa kila Jumamosi, wiki kumi na nne bila kukosa. Akatoa kijitabu kwenye pindo la khanga. Mihuri 55. Hisa nne kwa wiki kumi na tatu, na wiki ya mwisho, ndizi zilipokuwa hazina soko, hisa tatu. Hiyo, msikilizaji, ni shilingi 110,000.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndicho kilichoniuma. Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini sauti zikaanza kusikika nyuma: labda mihuri mingine alijipigia, labda amechanganya na kijitabu cha mwaka uliopita, kompyuta haina sababu ya kumwonea mtu. Na mmoja akasema kwa sauti kubwa kidogo, "Kompyuta haidanganyi." Yule mama alikaa chini, akakifunga kijitabu chake na kukirudisha kwenye pindo la khanga.

Aliyemwokoa alikuwa sanduku. Mweka hazina alipendekeza fedha zihesabiwe palepale, zijumlishwe na mikopo iliyo mikononi mwa wanachama, halafu ilinganishwe na jumla ya kompyuta. Kufuli tatu zikafunguliwa. Wakahesabu mara mbili. Fedha halisi zilizidi za kompyuta kwa shilingi 104,000 kamili. Toa 6,000 katika 110,000 uone unabaki na ngapi.

Binti wa dada yangu, yaani mpwa wangu, anasomea mambo ya kompyuta chuoni. Jioni ile yule kijana alimletea programu yake akiwa amefadhaika kweli, wakaikagua pamoja kwa muda wa kupika ugali. Kosa likaonekana katika mstari mmoja. Palipaswa kuandikwa hivi, nanyi wasomaji wa gazeti mtaona maandishi yake:

salio = salio + malipo

Yeye alikuwa ameandika:

salio = malipo

Basi. Neno moja na alama moja ya kujumlisha. Mbona kosa halikuwapata wote? Kwa sababu mama yule peke yake alikuwa amebadilisha namba ya simu, na kijana alimwandikia mwanachama wa namna hiyo mistari ya pembeni, kwa haraka, usiku. Kwa wengine wote kompyuta ilikuwa ikijumlisha. Kwake yeye, kila Jumamosi ilikuwa ikifuta akiba yote ya nyuma na kuweka malipo ya siku ile. Zile 6,000 zilikuwa ni malipo ya Jumamosi ya mwisho.

Mimi nikamwambia mpwa wangu: nifundishe jambo hili, maana nataka kulieleza redioni na siwezi kueleza nisilolijua. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake. Safari hii mjomba alikaa kwenye kigoda na mpwa akashika chaki.

Somo la kwanza lilikuwa juu ya kitu wanachokiita kigeu. Usikichanganye na kigeugeu, yule mtu wa leo hivi kesho vile, ingawa ukoo wao ni mmoja. Kigeu ni jina ambalo mwandishi wa programu analitoa kwa mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta, na mahali hapo pana kitu: namba, neno, tarehe. Jina linabaki, kitu kinaweza kubadilika. Ndiyo maana kikaitwa kigeu.

Nilipoomba mfano akanitajia Kingalu. Wenyeji wa Morogoro mnajua kwamba Kingalu ni jina la utemi wa Waluguru, na soko kuu letu linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Mtu anayekalia kiti kile anaitwa Kingalu. Akifariki, anayemrithi naye anaitwa Kingalu. Ukisema "nimekwenda kumwona Kingalu," jina halitoshi kunijulisha ni mtu gani. Yabidi nijue ulikwenda mwaka gani. Kigeu ndivyo kilivyo. Ukiuliza kompyuta "salio ni ngapi?" inakujibu salio la dakika hii. La jana hailijui, isipokuwa kama mtu aliiagiza ilitunze kwa jina lingine.

Na hapo mfano wa Kingalu unaachana na kompyuta, maana Waluguru wanawakumbuka akina Kingalu waliotangulia. Kompyuta haikumbuki. Kitu kipya kikiingia, cha zamani kimekwisha, hakuna kaburi wala tambiko.

Vitabu vingi vinamwambia mwanafunzi kwamba kigeu ni kisanduku. Mimi nilipoambiwa kisanduku, nilifikiria lile sanduku la akina mama lenye kufuli tatu, ambalo ukitia elfu mbili leo na elfu mbili kesho, unakuta elfu nne. Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Sanduku la mama lina tumbo. Kigeu hakina tumbo, kina nafasi ya kitu kimoja tu. Ukitia kingine, cha kwanza kinatoka. Tena hakina kufuli hata moja. Mstari wowote wa programu unaweza kukibadilisha." Nafikiri yule kijana naye, usiku ule wa haraka, alikuwa akifikiria sanduku lenye tumbo.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi kwangu, na linahusu ile alama ya vijistari viwili ambayo sote tumeijua tangu darasa la kwanza. Alipoandika ubaoni salio = salio + malipo, mimi nilikataa katakata. Nilimwambia, hesabu tuliyofundishwa haikubali jambo hilo. Kitu hakiwezi kuwa sawa na chenyewe kikiwa kimeongezewa kingine. Kumi si sawa na kumi na mbili, hata uape.

Akanijibu, "Mjomba, wewe unaisoma kama habari. Isome kama amri."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo yalinifungua macho. Katika hesabu za shuleni, alama ile inatoa habari: upande huu na upande ule ni sawasawa. Aliyeibuni alikuwa mtaalamu wa hesabu kutoka Wales, Robert Recorde, mwaka 1557, aliyechoka kuandika kwa maneno kwamba hiki ni sawa na kile. Akachora mistari miwili inayokwenda sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kufanana zaidi ya hivyo. Miaka 400 baadaye, mwaka 1957, lugha ya kompyuta iitwayo Fortran ilitumia alama hiyo hiyo kwa kazi nyingine kabisa, na lugha nyingi zikafuata. Wapo waliotaka kutuepusha na mkanganyiko: lugha ya ALGOL iliweka nukta mbili mbele ya alama ile ili watu waone kwamba jambo ni jingine. Wangesikilizwa wote, huenda mimi nisingebishana na mpwa wangu.

Basi katika kompyuta alama ile ni amri, na amri yenyewe inaanza kutekelezwa upande wa kulia. Kwanza kompyuta inakwenda kulia: chukua salio lililopo, jumlisha malipo. Ikishapata jibu, ndipo inakwenda kushoto na kuliweka jibu hilo mahali paitwapo salio. Kilichokuwapo kinaondoka, lakini hakijapotea bure, maana kimekwisha kuhesabiwa ndani ya jibu. Katibu mwenye daftari anafanya vivyo hivyo. Anatazama salio la juu, anaongeza malipo ya leo, anaandika salio jipya chini. Tofauti ni kwamba katika daftari salio la zamani linaendelea kuonekana, na mkaguzi anaweza kulisoma hata baada ya mwaka. Ile daftari iliyowekwa pembeni ilikuwa na jambo ambalo programu ya kijana haikuwa nalo. Nitalirudia baadaye.

Akanipa mazoezi. Nikaandika programu yangu ya kwanza kwa lugha ya Python, ya kujumlisha malipo mawili. Ikaniuliza malipo ya kwanza, nikaandika 2000. Ya pili, nikaandika 2000. Nikangojea elfu nne. Kompyuta ikanipa 20002000. Yaani milioni ishirini na elfu mbili! Nilisema, kama akiba inakua namna hii, kesho naacha kazi ya redio.

Kumbe lugha ile hukichukua kila kinachoandikwa kwa vidole kama maandishi, mpaka uiambie kwamba hii ni namba. Na maandishi yakijumlishwa yanaungwa tu, kama mabehewa. Yaani kitu kilichomo ndani ya kigeu kina jinsi yake, na amri ile ile inafanya kazi tofauti kufuatana na jinsi hiyo.

Kinyume chake nacho kinaumiza. Namba ya simu tunaiita namba, lakini si namba ya kuhesabia; hakuna mtu aliyewahi kujumlisha simu ya dada na simu ya kaka. Ukiiweka kama namba, kompyuta inaiona ile sifuri ya mwanzo haina thamani, inaitupa. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa nchini, namba ya simu imekuwa ni mfuko wa fedha wa mtu. Sifuri ikipotea, na aliyeandika programu hakuliwazia jambo hilo, fedha zinatafuta mwenyewe zisimpate.

Majina yenyewe nayo yana masharti. Unaweza kukiita kigeu kwa Kiswahili safi, kompyuta haina ubaguzi. Salio, malipo, hisa, vyote vinakubalika. Lakini usiache nafasi katikati ya jina wala usianze na tarakimu, na ujue kwamba Salio ya herufi kubwa na salio ya herufi ndogo ni watu wawili wasiojuana. Mimi nilikosea mara moja nikaandika "sallio", na Python haikunionya. Ilidhani nimeanzisha kigeu kipya, ikaweka fedha humo, na salio langu la kweli likabaki pale pale. Nilitafuta kosa lile hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikanipita, na mimi ni mtu wa redio!

Lipo pia suala la ukubwa. Wakulima wetu wa Matombo na Kinole wanaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa likafunikwa kilemba juu, mnunuzi akalipa kama gunia moja. Katika kompyuta hakuna lumbesa. Lugha nyingi zinakipa kigeu ukubwa maalumu, na kitu kikizidi, mambo yanaharibika. Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu yake ilikuwa na sehemu iliyochukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, ambamo namba fulani ilipaswa kuingia katika nafasi isiyozidi 32,767. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi, namba ikazidi, na sekunde kama 40 hivi baada ya kuruka ikasambaratika angani. Wenye umri wangu mtakumbuka vilevile hofu ya mwaka 1999, wakati mwaka ulikuwa umeandikwa kwa tarakimu mbili tu katika programu nyingi, na watu wakaogopa kwamba 00 itasomwa kama 1900. Python yenyewe, kwa namba nzima, inajipanua bila matata, kwa hiyo mwanafunzi anayeanza nayo asilale macho kwa ajili hiyo.

Sasa turudi chini ya mwembe. Nchi yetu iliwahi kuiogopa kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya ile iliyokuwa Hazina kuleta hasara na hesabu zisizoeleweka. Ilichukua miaka mingi kabla ya mlango kufunguliwa. Siipigii debe marufuku ile, imetuchelewesha. Lakini naona tumetoka kwenye kuogopa tukaingia kwenye kuamini, na katikati hatukusimama. Mama mwenye mihuri 55, iliyopigwa mbele ya macho ya watu wale wale waliokuwa wamekaa pale, alitiliwa shaka, na mstari ulioandikwa usiku na kijana mmoja haukutiliwa shaka na mtu. Kompyuta kweli haikudanganya. Iliambiwa iweke malipo mahali pa salio, ikaweka. Aliyepaswa kuulizwa swali ni salio, na salio halina mdomo.

Niliporudi kwenye kikundi Jumamosi iliyofuata, mambo mawili yalikuwa yamebadilishwa. Kijana alikuwa amerekebisha programu isifute kitu: kila malipo yanaandikwa kwenye mstari wake na tarehe yake, na salio linahesabiwa upya kutokana na mistari hiyo yote, kama daftari. Mpwa wangu ndiye aliyemshauri. Jambo la pili lilipendekezwa na muuza ndizi mwenyewe, na katibu akaliandika katika kanuni za kikundi: kila mwanachama akishalipa, salio lake lisomwe kwa sauti palepale, yeye akiwa ameshika kijitabu, kabla sanduku halijafungwa.

Kijana alimwomba radhi mbele ya wote. Yule aliyesema kompyuta haidanganyi naye aliomba, ingawa kwa sauti ndogo zaidi kuliko ile ya awali. Mama akatoa shilingi 8,000, ikapigwa mihuri minne. Kijana akaandika, akasubiri kidogo, akasoma: laki moja na elfu kumi na nane.

Mama hakujibu mara moja. Alilowesha kidole, akafunua kijitabu ukurasa kwa ukurasa, akahesabu mihuri yote 59 tangu ule wa kwanza, sote tukimngoja. Halafu akasema, "Haya, fungeni."